Ziwa la nkambo: namna mwanamuke mwenye hakubeba mimba alipata maziwa, zamani na leo

Katika desturi za wankambo wetu kuko zile tunacheza mbele ya wageni, na ngoma na manyoya kichwani. Lakini kuko zingine wamama walifanya ndani ya nyumba, mulango umefungwa, na hakuna mutu alizipigia ngoma. Hizi za ndani ndizo zinapotea mbio zaidi, kwani wazee wanaume hawakuzijua muzuri na wageni wenye waliandika vitabu hawakuingia kule. Leo ninataka kuzungumuza juu ya moja ya hizo: namna mwanamuke mwenye hakubeba mimba, ao mwenye aliacha kuzaa zamani, anaweza kutoa maziwa na kumunyonyesha mutoto. Wengine watasema ni hadizi tu. Hapana, si hadizi. Miye nilijionea.

1. Ile nilijionea

Ilikuwa mwaka wa 1967. Nilikuwa na miaka 9. Muji wetu ulikuwa kando ya mutoni Lualaba, na duka la karibu lilikuwa mwendo wa siku nzima kwa kinga. Mama yetu alizaa mutoto mwanaume, kisha siku ya tatu akakufa. Watu walikuwa wanalala inje ku matanga, wanaume wanatafuta mbao za sanduku, na mutoto analia ndani. Mutu mumoja alisema wazi kwamba yule mutoto atamufuata mama yake, na kwamba ni heri wachimbe tu kaburi kubwa kidogo.

Nkambo yetu, mama ya mama, alisikia ile neno. Alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha. Akasimama, akafunga kikwembe chake muzuri, akasema: "Mutoto hanyonye kilio. Munipe yeye." Mutoto wake wa mwisho, mujomba yetu, alikuwa na miaka 12. Hakuwa na hata tone moja la maziwa, na kila mutu alijua vile.

Wamama wa muji walipanga kazi bila mukutano. Muke wa mujomba mukubwa, mwenye alikuwa na mutoto ku mugongo, alimunyonyesha ule mutoto asubui na magaribi, ili asikufe na njaa. Saa zingine zote, muchana na usiku, mutoto alikuwa ku ziwa la nkambo. Wakati alichoka kunyonya ziwa kavu na kuanza kulia, walimutonesha maji ya uji mwepesi sana ndani ya kinywa kidogo kidogo, halafu wanamurudisha. Nkambo alikunywa uji wa mahindi na karanga zenye kutwangwa, alikula sombe na samaki, na hakutumwa tena ku shamba. Dada yake alimukanda na kitambaa chenye moto. Kulikuwa pia majani yenye walichemusha. Jina lake sikulishika, na leo hakuna mwenye analijua tena.

Juma la kwanza, hakuna kitu. Juma la pili, maji kidogo yenye kufanana na maji ya muchele. Kuelekea mwisho wa juma la tatu, niliona kikwembe cha nkambo kimelowana mbele, na yeye anacheka na kulia wakati moja. Yule mutoto ni ndugu yangu mudogo. Leo yeye mwenyewe ni nkambo.

Lakini sikuficheni: watu wamoja walianza kunong'ona. Walisema kama muzee kutoa maziwa ni ulozi, kwamba alimula binti yake ili apate kijana tena. Ile neno ilimuumiza kupita kifo chenyewe. Ni juu ya ile neno ninaandika hii kazi, ili mutu asiitaje tena.

2. Hatukuwa peke yetu

Wakati nilikuwa mukubwa na nikaanza kusoma, nilishangaa kukuta habari ya nkambo yangu ndani ya vitabu vya watu wengine.

Wa kwanza ni David Livingstone, ule muzungu mwenye alifika Nyangwe, mu Maniema, mwaka wa 1871. Mbele ya kufika kwetu, alikaa miaka mingi kusini, kwa Watswana. Katika kitabu chake cha safari chenye kilitoka mwaka wa 1857, anaeleza juu ya mwanamuke mumoja wa Kuruman, jina lake Masina. Huyu alizaa binti, akamuachisha ziwa, na hakuzaa tena. Binti alipoolewa, alizaa mapacha. Masina akakamata mutoto mumoja, akamuweka ku ziwa lake, na maziwa yakatoka, hata akamulea yule mutoto kabisa. Livingstone alihesabu kwamba ilikuwa imepita miaka karibu 15 tangu Masina anyonyeshe mara ya mwisho, na kwamba alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Tukumbuke kwamba Livingstone alikuwa munganga. Hakuandika ile sawa mutu mwenye kuokota maneno ku barabara.

Karibu miaka 100 kisha, mwaka wa 1956, munganga Cecil Slome aliandika katika gazeti la waganga wa watoto juu ya wankambo wa Wazulu, Afrika ya Kusini, wenye walikuwa wananyonyesha wajukuu wao. Na mbele yake, mwaka wa 1940, Heinrich Wieschhoff alikuwa amekusanya habari za namna hii kutoka kwa makabila mingi. Mbali sana na sisi, mu kisiwa cha New Guinea, Margaret Mead aliandika mwaka wa 1935 juu ya Wamundugumor: mwanamuke mwenye alichukua mutoto wa mwingine alimuweka ku ziwa kila wakati, anakunywa maji ya nazi mingi, na maziwa yanakuja.

Hapa kwetu Kongo, mu pori la Ituri, Waefe wana desturi yenye kufanana kidogo. Wenye elimu watatu, Tronick, Morelli na Winn, walionyesha mwaka wa 1987 kwamba mutoto mudogo wa Waefe anapita mikono ya watu wengi, na kwamba wamama wengine wanamunyonyesha, si mama yake peke yake. Kwa Waefe, ziwa si mali ya mutu mumoja. Ni mali ya kambi.

Basi, tunaona jambo moja. Wamama wa Kuruman, wa Zululand, wa New Guinea na wa Lualaba hawakuonana hata siku moja. Kila upande walifika mu njia moja: kumuweka mutoto ku ziwa.

3. Wakati wa Wabeleji

Namna gani desturi ya namna hii ikasahauliwa? Tusiwatupie wazungu makosa yote, lakini tuseme pia ukweli.

Zamani mama alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na wakati ule bwana na bibi hawakulala pamoja, ili mimba isifike mbio na kumunyima mutoto maziwa. Wakati wa Wabeleji, wakubwa wa serikali na wa makampuni waliogopa kwamba watu wanapunguka, na kazi ilihitaji watu. Wakaona kunyonyesha kwa muda mrefu ni kizuizi cha kuzaa. Ndipo zikaanza kazi za kusaidia wamama, zenye ziliitwa kwa Kifaransa "Gouttes de lait", maana yake matone ya maziwa: kupima watoto, kufundisha wamama, kugawa chakula na maziwa. Mu kambi za Union Minière huku Katanga, wakati kampuni ilianza kuwakalisha wafanyakazi na familia zao kutoka miaka ya 1920, wamama walifundishwa kumuachisha mutoto mbele ya wakati wa desturi. Mwanahistoria wa Marekani, Nancy Rose Hunt, alieleza ile mambo yote katika kazi yake ya mwaka wa 1988.

Kuko watoto wengi walipona mu zile kazi, hatuwezi kukana. Lakini kuko pia kitu kilivunjika. Mama alianza kufikiri kwamba maziwa ya mukebe ni ya maendeleo, na ziwa ni la porini. Na wakati mama anakufa, hakuna tena mwenye aliita nkambo. Watu waliuliza tu: "Mukebe ni pesa ngapi?"

4. Elimu ya waganga inasema nini

Sasa tufike ku elimu. Mwili wa mwanamuke unatengeneza maziwa kwa hatua mbili. Kwanza, wakati wa mimba, kuko homoni mbili, estrojeni na projesteroni, zenye zinajenga njia na vifuko vya maziwa ndani ya ziwa. Ni sawa na kujenga nyumba na jiko. Pili, mutoto akizaliwa na kondo likitoka, projesteroni inaanguka, na homoni ingine, prolaktini, inapata nafasi ya kuwasha moto. Prolaktini inatoka ndani ya kichwa, chini ya ubongo. Mwaka wa 1928, waganga wawili wa Strasbourg, Stricker na Grüter, walionyesha ku sungura kwamba kile kitu cha chini ya ubongo kinaleta maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Oscar Riddle wa Marekani akakipa jina la prolaktini.

Na hapa kuko jambo lenye linapaswa kutufurahisha sisi Wakongo. Mambo mingi yenye dunia inajua juu ya prolaktini ya mama mwenye kunyonyesha ilitoka kwa wamama wa Kivu. Mu miaka ya 1970, waganga Wabeleji Delvoye, Robyn na wenzao walipima damu ya wamama kule. Mwaka wa 1977 wakaandika kwamba mama mwenye ananyonyesha zaidi ya mara 6 kwa siku, prolaktini yake inabaki juu kupita mwaka muzima. Lakini yule mwenye ananyonyesha mara chache, yake inashuka mbio. Ni kusema: mutoto mwenyewe ndiye anaita maziwa. Kadiri ananyonya, ndivyo mwili unajibu.

Sasa tunaelewa nkambo. Yeye alikuwa amezaa mbele. Nyumba ilikuwa imejengwa zamani, jiko lilikuwa limepoa tu. Mutoto alikuja kuwasha moto. Hakukuwa ulozi mule. Kulikuwa prolaktini.

Je, mwanamuke mwenye hakubeba mimba hata siku moja? Kwake nyumba haijajengwa muzuri, na kunyonyesha tu kunaweza kuleta maziwa kidogo, polepole. Hapa ndipo waganga wa leo wameingiza dawa za homoni. Kule Kanada, munganga Jack Newman na Lenore Goldfarb, mama mwenye alipata mutoto kwa njia ya tumbo la mwanamuke mwingine mwaka wa 1999, walipanga njia yenye inajulikana kwa majina yao. Mwanamuke anameza vidonge vya kupanga uzazi, vyenye estrojeni na projesteroni, kwa miezi mingi mbele mutoto afike, ili mwili ufikiri kama uko na mimba. Pamoja nayo anameza domperidone. Karibu majuma 6 mbele ya mutoto kuzaliwa, anaacha vidonge vya kupanga uzazi. Mwili unafikiri sasa amezaa. Anaanza kukamua na mashini mara mingi, muchana na usiku, mpaka mutoto afike na kunyonya mwenyewe.

Domperidone inafanya nini mule? Ni dawa yenye ilitengenezwa juu ya kutapika. Lakini ndani ya kichwa kuko kitu, dopamini, chenye ni sawa na freni ya prolaktini. Domperidone inaachisha ile freni. Metoclopramide na chlorpromazine zinafanya vilevile.

Musizani kwamba hii ni mambo ya watu wa pesa peke yao. Kule Papua New Guinea, serikali iliweka sheria mwaka wa 1977 kwamba biberoni haiuzwe bila karatasi ya munganga ao muuguzi, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa na kuhara. Basi, wamama wenye walichukua watoto wa wengine walisaidiwa kunyonyesha. Mwaka wa 1994 kulitoka habari ya wanamuke 37 wa inchi ile. Wengi wao walipata maziwa, pamoja na wenye walisaidiwa na dawa. Na mwaka wa 1998, Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilitoa kitabu kizima juu ya namna ya kurudisha maziwa. Linasema kwanza mutoto anyonye mara mingi, mara 8 mpaka 12 kwa siku, na mama asaidiwe na watu wa nyumba. Dawa zinakuja nyuma, na si kwa kila mutu. Wanaeleza hata namna ya kumupa mutoto maziwa mengine na kamupira kembamba kenye kafungwa kando ya ziwa, ili anyonye vyote pamoja. Niliposoma pale nilikumbuka ule uji wenye walimutonesha ndugu yangu.

5. Mambo ya kuangalia

Nisipotaja hatari, nitakuwa nimewadanganya.

Kwanza, dawa. Mu miji yetu domperidone inauzwa ku kila farmasi, bila karatasi. Lakini mwezi wa 6 mwaka wa 2004, wakubwa wa dawa wa Marekani walikataza wamama kuitumia juu ya maziwa, kwa sababu inaweza kuharibu mwendo wa moyo. Mwaka wa 2014, wakubwa wa dawa wa Ulaya nao waliipunguza sana, hata juu ya kutapika. Waganga wengine, sawa Newman, walibisha na wanaendelea kuitumia kwa kuangalia muzuri. Estrojeni nayo inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Mama mwenye tansio ao umri mukubwa asiikamate kwa kujiamulia. Metoclopramide inaweza kumuangusha mutu katika huzuni kubwa, na chlorpromazine inaleta usingizi. Basi, hakuna mutu aende kununua vidonge sababu alisoma hapa. Aende kwa munganga.

Pili, SIDA. Wakati wa nkambo yangu ugonjwa huu haukujulikana. Leo, mbele mwanamuke yeyote amunyonyeshe mutoto wa mwingine, apimwe. Na kama yeye yuko na virusi, waganga ndio wataamua, kwani leo kuko dawa zenye zinalinda mutoto sana.

Tatu, maziwa hayafike kila mara ya kutosha. Yale ya kwanza ya njano, yenye mama anatoa kisha kuzaa, nkambo kwa kawaida hana. Mutoto apimwe uzito, na aongezewe chakula chenye kumufaa kama haongezeke. Uji wa siku zile ulikuwa wa kukosa kitu kingine. Leo mutoto wa chini ya miezi 6 asipewe uji.

Ine, undugu. Kwa ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na Maniema yote, mutoto mwenye alinyonya ziwa la mwanamuke anakuwa mutoto wake wa ziwa, na hawezi kuoa ndugu zake wa ziwa. Hii iko ndani ya Kurani. Kwa hiyo jambo lisifanyike kwa siri. Familia zijue, na ikumbukwe.

6. Ile ilituuma

Ninamaliza na ile inanifanya niandike. Miaka michache nyuma, binti ya dada yangu alikufa na uzazi mu lupitali moja ya muji. Akaacha mutoto mwanamuke, muzima, mwenye kulia kwa nguvu. Dada yangu, nkambo ya mutoto, aliuliza pale: "Je, niye nisimunyonyeshe? Mama yetu alifanya vile." Mwenye kuwa ku kazi siku ile akamucheka mbele ya watu. Akamuambia: "Mama, wacha mambo ya porini. Nunueni maziwa." Dada yangu akasikia haya, akanyamaza. Na miye nilikuwa pale, miye mwenye niliona kile kikwembe kinalowana, nikanyamaza pamoja naye.

Tukanunua mukebe wa kwanza. Wa pili tulichanga. Wa tatu, walianza kuongeza maji mingi ili uende mbali. Maji yenyewe yalitoka ku kisima. Kabla ya miezi mitatu mutoto alianza kuhara, na hakupona.

Siseme kwamba ziwa la dada yangu lingemuponyesha kwa hakika. Hakuna mwenye anaweza kusema vile. Lakini tulikuwa na njia ingine, yenye wankambo walituachia na yenye waganga wa dunia wanaandika leo ndani ya vitabu vyao, na tulikosa kuijaribu kwa sababu ya haya.

Wazee wetu wanasema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi, wewe musomaji, kama kwenu kuko mama muzee mwenye alimunyonyesha mujukuu, kaa naye. Umuulize alikula nini, nani alimusaidia, majani yale ni gani, na ilipita siku ngapi. Uandike. Na siku mutoto anabaki bila mama, mwende wote wawili kwa munganga, nkambo na mutoto, na muulize bila haya. Na kama mutu anacheka, mumuonyeshe hii kurasa.